Kuutembea mji wa bandari kutoka majini: boti kwanza, kafi baadaye, kuogelea mwisho

Mji wa bandari ukiuingia kwa barabara, umeingilia mlango wa uani. Sebule yake iko upande wa maji. Huko ndiko yalikoelekezwa maghala, forodha, mnara wa saa na nyumba za matajiri wa zamani. Ndiyo maana nikifika mji wa namna hiyo, kitu cha kwanza kuuliza ni gati la vivuko liko wapi.

Mimi si baharia. Ni mtu wa mezani na kompyuta, naogelea polepole kama kobe, na kafi nililishika mara ya kwanza nikiwa nimeshavuka miaka 40. Kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu wa kawaida mwenzangu. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuruka hatua: nikiona maji yametulia, nakodi kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, papo hapo. Siku hizi nashuka kwa daraja. Siku ya kwanza sitaha ya kivuko, ya pili kayaki, ya tatu kuogelea. Kila hatua inakusogeza karibu na maji, na kila moja ni somo la inayofuata.

Tuanze na boti. Achana na ile ya watalii yenye kipaza sauti. Panda kivuko wanachopanda watu wanaokwenda kazini, ukae ubavu mmoja wakati wa kwenda na ubavu wa pili wakati wa kurudi. Beba karatasi. Andika vivuko vinakata wapi na kila baada ya dakika ngapi, tagi, zile boti za kuvuta meli, zinasubiri wapi, na boti ndogo za mwendo kasi zinatokea kona gani. Tazama kingo: wapi ni ukuta wa zege uliosimama wima, wapi kuna ngazi, wapi kuna mteremko wa kupandishia vyombo au kipande cha mchanga. Usiku wake nazihamishia alama hizo kwenye ramani. Kila penye ngazi naweka nukta, maana kesho huenda nukta hiyo ndiyo nitakayoikimbilia.

Halafu maboya. Jekundu na la kijani ndiyo kingo za njia ya meli. Sehemu kubwa ya dunia, ukiwa unaingia bandarini kutoka baharini, jekundu linakuwa kushoto kwako. Ukienda mabara ya Amerika, Japani, Korea au Ufilipino, mambo yanageuka: jekundu linakuwa kulia. Kwa mpiga kafi, hata hivyo, la msingi ni moja: kati ya maboya ni barabara ya wakubwa. Wewe kayaki yako inaelea kwenye maji ya magotini, kwa hiyo pita nje ya maboya, kule ambako meli ikienda inakwama.

Kabla ya kukodi chochote, pata jedwali la kupwa na kujaa. Katika bandari nyingi maji huchukua saa sita na dakika chache kujaa, na mengine kama hayo kupwa, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya sehemu 12: saa ya kwanza tangu yaanze kujaa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Penye tofauti ya mita 4, maana yake katika saa ya tatu pekee maji yamepanda mita nzima. Mkondo wa wakati huo, hasa chini ya daraja au kwenye mlango mwembamba wa bandari, utakupeleka usikotaka hata upige kafi vipi. Kipindi cha bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo balaa zaidi. Maji mafu, siku za nusu mwezi yanapopanda na kushuka kidogo, ndiyo rafiki wa mgeni. Mimi hutoka saa moja kabla maji hayajatulia, nikaenda na mkondo uliochoka, nikageuka yakisimama, nikarudi mkondo ukiwa umegeuka na kunisukuma.

Sasa kayaki. Siku moja nilikodishiwa ile ya kukalia juu, rangi nzuri, jaketi la kuokolea safi, kijana kanisukuma majini kwa tabasamu. Baada ya dakika 20 hivi nikaona omo, yaani pua ya chombo, linachelewa kugeuka. Nikadhani ni uchovu. Halafu tezi, sehemu ya nyuma, likaanza kukaa chini, na kila nikiyumba nasikia maji yanakwenda *chwaa* ndani ya tumbo la chombo, kutoka nyuma kuja mbele. Kumbe kizibo cha tundu la kutolea maji, kile kidogo kama cha beseni, hakikuwepo kabisa. Nilirudi nimeshika ukingo, nikiwa nimezama hadi kiunoni, na aliyenikodisha akaniuliza kama nimekipoteza mimi! Tangu siku hiyo sipandi kabla sijaigeuza kayaki na kukikaza kizibo kwa vidole vyangu. Jaketi nalivaa, nafunga, halafu namwomba mtu anishike mabegani alivute juu. Likifika masikioni, ni kubwa mno.

Kuhusu meli, hesabu inatisha kuliko hadithi. Kayaki ya mtu kama mimi inakwenda noti 3, yaani mita 90 hivi kwa dakika. Meli ya noti 10 inakula mita 300 kwa dakika hiyo hiyo. Njia ya upana wa mita 200 nitaivuka kwa dakika mbili na ushei, na katika muda huo ile meli iliyoonekana iko mbali imeshasogea zaidi ya mita 600. Kibaya zaidi, kanuni za kimataifa zinaruhusu sehemu ya maji iliyo mbele ya meli isionekane kutoka chumba cha usukani hadi umbali wa mita 500, au urefu wa meli mara mbili, wowote ulio mdogo. Kwa hiyo ukiwa chini ya pua yake, nahodha hakuoni, na hajavunja sheria yoyote. Subiri ipite. Vuka kwa pembe mraba, kundi zima pamoja, bila kusimama katikati kupiga picha.

Kujua kama mtagongana, itazame meli bila kubadili mwelekeo wako. Ikiwa inazidi kuwa kubwa na bado iko kwenye pembe ile ile ya bega lako, mnakutana. Sikiliza na honi pia: mlio mfupi mmoja, nageuka kulia, miwili, nageuka kushoto, mitatu, injini zangu zinasukuma nyuma. Mitano au zaidi ni kwamba sikuelewi unafanya nini, na mara nyingi anayeambiwa ni wewe. Mimi nimepigiwa mitano mara moja. Sikugeuka hata kutazama, nilipiga kafi tu.

Pembeni ya kuta za gati nako si salama kama unavyodhani. Mawimbi ya boti yanagonga zege, yanarudi, yanakutana na mengine yanayokuja, maji yanarukaruka bila mpango. Kaa mita 20 au 30 kutoka ukutani, legeza kiuno, usiache kupiga kafi. Kafi lililo majini ni kama mguu wa tatu.

Kuogelea ndiko kunakotaka adabu zaidi. Uliza kwanza kama inaruhusiwa. Venice, kwa mfano, ni marufuku kuoga kwenye mifereji, na faini inatozwa kweli. Kisha uliza usafi. Hong Kong walianza mashindano ya kuvuka bandari yao kwa kuogelea mwaka 1906, yakasimama mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu maji yalichafuka, yakarudi 2011. Copenhagen nao walihangaika miaka mingi kuzuia majitaka yasifurike bandarini, ndipo wakafungua mahali pa kuogelea pale Islands Brygge. Adui mkubwa ni mvua, inayofagia mitaro na kumwaga kila kitu majini. Sydney wanashauri watu wasubiri siku moja baada ya mvua kubwa kwa fukwe za bahari wazi, lakini ndani ya bandari hadi siku tatu. Mimi hiyo ya siku tatu naitumia kila mahali.

Ogelea eneo lililotengwa, sambamba na ukingo, ukivuta boya la rangi ya chungwa kiunoni. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 usiruke: ingia taratibu, elea chali dakika mbili mpaka pumzi irudi, ndipo uanze. Kati ya boti zilizofungwa gatini usiingie kabisa, kwa ajili ya rafadha, yaani panga za injini, na kwa ajili ya nyaya za umeme zinazoweza kuvujisha.

Na ngazi usiiamini kwa macho. Maji yakipwa, kidato cha mwisho hubaki juu ya kichwa chako, na chini yake ukuta umejaa mwani unaoteleza na chaza wanaokata kama wembe. Nenda ukaitazame wakati maji yamepwa kabisa. Kama huwezi kuifikia ukiwa umesimama kwenye boti, hutaifikia ukiwa umechoka. Mimi huweka kandambili za kamba kwenye boya langu, nazivaa humo humo majini kabla ya kukanyaga kidato cha kwanza.