Mvunjie chaki iwe fupi

Walimu wenzangu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hapa Mombasa, mtoto akishika penseli kwa ngumi, kumwambia "shika vizuri" hakumfai. Mvunjie chaki au krayoni ibaki fupi kama ncha ya kidole gumba, achore kwenye ubao ulio usawa wa macho yake. Kipande hicho ni kifupi mno kushikwa kwa ngumi, kwa hivyo gumba, kidole cha shahada na cha kati hujipanga vyenyewe. Nao ubao uliosimama hukikunja kifundo cha mkono kwa nyuma kidogo, mkao ule ule wa kuandikia. Kwa mtoto wa miaka miwili hivi mbinu hii haisaidii: ngumi ndiyo hatua yake, mwacheni achore michirizi yake. Na anayelalamika vidole vinamuuma, mpeni kwanza donge la unga wa chapati alikande.