Kuweka sawa rekodi ya machapisho ya mtafiti wa saratani na mifupa

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa aanze na ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti. Ni bure, na namba yake haibadiliki hata ukihama kazi.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Makala moja ina "Massawe JP", nyingine "Massawe J", ya tatu imegeuza jina la kwanza kuwa la ukoo. Kompyuta inaona watu watatu. Chagua umbo moja ulishike. Kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, andika Massawe J[au] ([au] ni alama ya kutafuta mwandishi) pamoja na neno la mada, mfano zoledronic acid (dawa ya mifupa) au bone density (uzito wa mifupa), maana akina Massawe ni wengi. Kila makala iliyo yako kweli iingize kwenye jedwali: DOI (namba ya kudumu ya makala), jarida, mwaka, nafasi yako kati ya waandishi.

Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta machapisho ya kitaaluma, izuie kuongeza makala yenyewe kwenye ukurasa wako. Ikuulize kwanza kwa barua pepe. Usipofanya hivyo, kazi za mwenye jina kama lako zitajaa humo, na nukuu zisizo zako ni aibu mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Makala iliyojirudia mara mbili iunganishe, kwani nukuu zake zimegawanyika.

Kupata h-index, yaani idadi kubwa zaidi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara sawa na idadi hiyo, panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 25, 14, 9, 4, 3. Ya nne ina nukuu 4, ya tano haifiki 5. Jibu ni 4. Andika chanzo na tarehe, kwa sababu Google Scholar huhesabu hata tasnifu na kwa kawaida huizidi Scopus, hifadhidata nyingine ya nukuu.