Beetle isiyo na rejeta: kuiandaa injini kabla ya kiangazi cha Tabora

Injini ya Volkswagen Beetle haina maji. Joto lake huondolewa na hewa inayosukumwa na feni kupita kwenye mapezi ya silinda, na pia na oili. Jua la Septemba na Oktoba husingiziwa mengi, lakini Beetle yenye mabati yake yote ina uwezo wa kwenda Tabora hadi Kigoma, kupitia Urambo na Uvinza, bila kuchemsha. Ikichemsha, anza kwa kuangalia bati gani limetolewa likatupwa.

Mabati yaliyozunguka injini hutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka chini, kwenye eksozi. Pakiwa na tundu, feni huvuta tena joto lililokwisha kutolewa. Kwa hiyo kagua mpira unaozunguka injini pembeni mwa boneti ya nyuma, ilipo injini, na vifuniko vya mpira kwenye waya za plagi pale zinapopita kwenye bati. Kifuniko kimoja kikikosekana, hewa ya silinda ile huvujia hapo. Halafu mulika ndani ya nyumba ya feni kwa tochi: gari lililolala muda mrefu huwa na nyasi za kiota cha panya. Vumbi la barabara likichanganyika na oili inayovuja huganda kati ya mapezi kama udongo wa kufinyangia. Ukilikuta, shusha injini ulikwangue, kwani upepo wa kompresa pekee hauling'oi.

Kazi kubwa ni tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma. Kila kilomita 5,000 zipimwe, injini ikiwa baridi kabisa. Iache ilale usiku kucha. Kwa injini za 1300, 1500 na 1600 nafasi ni milimita 0.15, valvu zote. Injini za 1200 za zamani zina vipimo vyake, fuata maandishi ya kwenye nyumba ya feni.

Toa kifuniko cha distribyuta na plagi zote nne, kisha zungusha injini kwa spana namba 21 kwenye nati ya puli ya jenereta. Alama ya puli ya chini ikikaa sawa na mstari unaounganisha nusu mbili za bloku, na rota ikitazama mkwaruzo ulio kwenye mdomo wa distribyuta, uko silinda namba 1, ile ya mbele kulia ukitazama mbele ya gari. Legeza nati ya tapeti, ya namba 13, zungusha skrubu kwa bisibisi bapa hadi fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza, halafu pima tena, maana kukaza hubadilisha nafasi. Kisha rudisha puli ya chini nyuma nusu mzunguko: silinda 2. Nusu nyingine, 3. Nusu nyingine, 4.

Tapeti inayopiga kelele kidogo haiui injini. Iliyobana ndiyo inayoua: valvu ya eksozi haifungi sawasawa, haipati pa kupitishia joto lake, inaungua. Angalia zaidi silinda namba 3, kwa sababu kwenye injini nyingi za zamani kipoza oili kimesimama mbele ya hewa yake. Valvu ileile ikikutwa imebana kila unapopima, shina lake linarefuka. Usiendelee kuirekebisha, fungua hedi kabla kichwa cha valvu hakijakatika na kutoboa pistoni.

Oili ni lita 2.5, 20W-50, usizidishe. Hakuna filta, kuna chujio tu chini lenye nati sita. Zikaze kwa mkono mwepesi, Nm 7, la sivyo nyuzi za bloku zitakatika.

Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15. Ukilegea, fungua puli ya jenereta, toa washa moja katikati ya nusu zake, uiweke nje chini ya nati ili isipotee. Ukikazwa mno, beringi za jenereta hufa. Mkanda huohuo ndio unaozungusha feni, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka katikati ya Kaliua na Uvinza, zima injini papo hapo, usisogee hata kilomita moja. Beba mkanda wa akiba na spana ya 21.