Wasomaji wakisema hadithi imepotea njia: ninavyowajibu

Sehemu ya 31 ya katuni yangu ilipotoka, simu haikutulia. Mhusika wangu Mwanahamisi, muuza samaki wa pale Feri, Dar es Salaam, alikuwa akimtafuta kaka yake aliyepotelea baharini. Mimi nikamtumbukiza kwenye mapenzi na dalali wa viwanja. Mmoja akaandika, "Muue huyo dalali, anatuchosha." Mwingine akauliza, "Dada, kaka wa watu umemsahau?" Huyo wa pili ndiye aliyenifungua macho. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

1. Siku hiyo usijibu. Kama jibu linakuwasha, liandike kwenye daftari, kisha kalale.

2. Hesabu watu, usihesabu maoni. Piga safu tatu kwenye karatasi: wanaolalamikia mhusika, wanaolalamikia mwendo wa hadithi, na wanaotukana. Safu ya tatu haina kazi, ila kukitua kifua. Mimi nilikuwa na maoni 40 ya hasira. Nilipoyapanga nikakuta ni watu 14, na mmoja wao kaandika mara tisa.

3. Tafuta fremu, yaani kisanduku cha picha, walipokuacha. Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Soma katuni yako tangu mwanzo kwenye simu, kwa kusogeza kidole kama wao, si kwenye kompyuta unayochorea. Andika pembeni namba ya kila sehemu ambayo swali kuu la hadithi limetajwa au kuonekana.

Mimi niliona aibu. Kaka alitajwa mara ya mwisho sehemu ya 24. Natoa sehemu moja kila Ijumaa, kwa hiyo msomaji alikaa wiki saba bila kumsikia. Nilikuwa najidanganya kwamba yumo, maana kila fremu ya nyumbani nilichora kofia yake ya ukili ikining'inia ukutani. Kwenye kompyuta inaonekana vizuri kabisa. Kwenye simu ilikuwa kama punje ya mtama. Dalali alikuwa anabeba lawama za kofia.

4. Jiulize kama mwisho umebadilika. Ikiwa bado unajua hadithi inakwenda wapi, usiuhamishe mwisho kwa sababu ya kelele. Badilisha unavyoionyesha njia. Dalali wangu ndiye aliyeununua mtumbwi wa kaka, na hilo wasomaji hawakulijua bado. Ningemuua, ningebaki na samaki wa kukaanga na huzuni. Lakini kama wewe mwenyewe hujui tena mnakokwenda, kubali, tangaza mapumziko, ukapange upya. Mapumziko yenye tarehe ya kurudi watu huyavumilia.

5. Rekebisha kwa mbele. Usifute sehemu zilizokwisha kusomwa, na tafadhali, usituletee "kumbe ilikuwa ndoto". Tafuta pengo uliloliacha mwenyewe. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimwangusha mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893, wasomaji wakaja juu. Alipomrudisha mwaka 1903 hakulazimika kufuta neno: katika hadithi ile ya 1893 Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia, aliona nyayo na barua, maiti hakuiona. Pengo langu lilikuwa ile kofia. Katika akiba yangu ya sehemu nne nilizokwisha kutia wino, nilitupa moja tu, nikachora nyingine: dalali anaingia ndani, anaiona kofia ukutani, anashtuka. Safari hii kofia nikaipa fremu nzima, upana wote wa kioo.

6. Sasa jibu, kwa ufupi. Mimi niliandika: "Mlioniuliza kuhusu kaka, mmeniona. Nilimficha mno, kosa ni langu. Dalali anabaki, ana kazi. Tukutane Ijumaa." Sema ulichokosea, sema usichokibadilisha, basi. Usieleze kwa nini dalali ana kazi. Ukishaanza kuitetea hadithi kwa maneno utajikuta umeimwaga yote kabla hujaichora. Anayeendelea kubisha mwache abishe.

Sehemu yenye kofia ilipotoka, aliyemuulizia kaka aliandika neno moja: "Haaa!" Yule wa maoni tisa ameshafikisha kumi na mbili. Bado anataka dalali afe.