Mgeni kaja Dar? Mtembeze kwa saa

Mgeni akitoka mkoani tunampeleka wapi? Mlimani City, af jumapili Coco Beach, af anarudi kwao Njombe ameona maduka na foleni ya Bagamoyo Road basi. Inaniuma kwa kweli, maana hili jiji lina utamu mwingi sana ila utamu wake unaenda na saa, sehemu ile ile asubuhi ina raha yake, ukienda mchana unakuta jua na vumbi tu af unasema mbona pa kawaida. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kumtembeza mtu siku moja nzima, kwa miguu na usafiri wetu huu huu, na hata wewe mkazi ambaye kila siku unapita mjini umeinamia simu unaweza ukajitembeza mwenyewe.

Siku iwe jumamosi. Kariakoo inakuwa wazi, maofisini watu wachache, barabara zina nafuu kidogo.

Anzeni Feri, soko la samaki, na muwe mmefika mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hivi, ikizidi sana saa moja. Hapo mashua zinashusha mzigo na mnada unaendelea, dalali anataja bei haraka haraka, wachuuzi na wamama wa kukaanga wamemzunguka, mmoja anapandisha kwa kunyanyua kidole tu na samaki washachukuliwa. Muoneshe mgeni changu, kibua, jodari, pweza, ngisi, mtu wa bara aliyezoea sato na sangara atashangaa rangi zile, kuna samaki wa bluu na kijani kabisa (pono huyo). Mnadani samaki wanaenda kwa fungu, ukitaka mmoja mmoja nenda kwa wachuuzi, ila kama mnazunguka mjini siku nzima msinunue wabichi maana mtawaweka wapi, kuleni wa kukaanga pale pale wakiwa wa moto. Viatu vya kufunga visivyoteleza, sakafu ina maji muda wote. Na kabla ya kupiga picha omba, msalimie mtu kwanza, yupo kazini yule.

Mkitoka hapo msiondoke bila kupanda pantoni. Najua siku hizi kuna Daraja la Nyerere kule Kurasini tangu 2016 na wengi wanapita huko, ila daraja halikupi kile utakachokiona juu ya maji. Simameni ubavuni upande wa mjini, pantoni ikishaachia mgeuke muangalie mlikotoka: mnara wa kanisa la Azania Front na paa lake la vigae, pembeni St. Joseph na mnara wake mwembamba, nyuma yake maghorofa ya vioo yamejipanga. Sijui sehemu nyingine ambayo Dar inajionesha yote kwa mara moja hivyo. Af mkibahatika meli ya makontena iwe inaingia, lango la bandari yetu ni jembamba kwa hiyo meli inapita pale pale kati ya Feri na Kigamboni, pantoni inasubiri, na nyie mnainua shingo kuitazama. Watoto wanapiga kelele, watu wazima wanajifanya hawaangalii lakini wote wanaangalia. Upande wa pili kunyweni chai na vitumbua, mrudi.

Saa tatu hivi mko mjini, jua bado halijawa kali, tembeeni kwa miguu na msipande bajaji kabisa. Fuateni barabara ya Kivukoni mpite Azania Front, lilijengwa na Wajerumani, na St. Joseph iliyojengwa kati ya 1897 na 1902, ingieni ndani kama hakuna misa mkae kidogo, kuna baridi nzuri na vioo vya rangi. Mbele kidogo kuna Boma la Kale, hilo ni la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860 alipoanza kujenga mji hapa, zikagueni kuta zile za mawe ya matumbawe, ni nene kweli kweli. Wengi tunalipita tukijua ni ofisi ya serikali tu.

Pandeni mpaka Samora pale kwenye sanamu ya Askari. Imesimama tangu 1927, kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Wissmann gavana wa Kijerumani ikaondolewa. Mwambie mgeni aangalie bunduki inapoelekea, bayoneti imeelekezwa bandarini. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita kuu ya kwanza, wapagazi walikufa wengi sana, kwa njaa na magonjwa kuliko hata risasi, na sisi pale tunapatumia kuambiana "nisubiri Askari". Sio vibaya, ila siku moja msimame msome maandishi yake, Kiswahili kipo.

Saa sita mpaka saa tisa ndio saa mbaya za Dar, hasa kuanzia Desemba mpaka Februari, joto linakaba. Msilazimishe mtu atembee. Kuleni wali maharage na samaki kwa mama ntilie, vichochoro vya mjini vimejaa, angalia penye foleni ya wafanyakazi hapo ndo chakula kizuri na kinaisha mapema. Baada ya hapo ingieni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Kuna habari za Zinjanthropus, yule zamadamu ambaye fuvu lake lilifukuliwa Olduvai mwaka 1959, na kuna magari waliyotumia viongozi wetu, wazee wanayapenda mno hayo magari. Bustani ya mimea ya tangu enzi za Wajerumani iko hapo karibu, kivuli cha kutosha, mgeni avue viatu apumzike.

Jua likianza kulegea katizeni Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo. Njiani kuna mnara wa Uhuru, na mtaa wa Lumumba ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kama mgeni ni mzee wa zamani mpe nafasi aongee hapo, usimharakishe. Af mkivuka tu mnazama kwenye watu. Kama anataka khanga na vitenge mpeleke mtaa wa Uhuru, kama ni nguo na viatu mtaa wa Kongo. Simu na hela mfuko wa mbele, begi tumboni, na mkubaliane mapema mkipotezana mnakutana wapi. Bei ya kwanza haijawahi kuwa bei, lakini kupatana kuna adabu zake: salimia, "kaka habari ya biashara" au "shikamoo mama" kama ni mtu mzima, taja bei yako bila kubeza mali yake, akikataa sema asante uanze kuondoka taratibu, kama inalipa atakuita. Soko kuu liliungua Julai 2021 na wafanyabiashara waliumia sana, lile jengo la zamani lilichorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, mapaa yake yamefunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Mwambie mgeni ainue kichwa, Kariakoo kila mtu anaangalia chini kwenye bidhaa.

Usafiri wa kwenda Coco au nyumbani, mpandishe daladala angalau mara moja. Kila gari lina ubao wa njia mbele na mstari wa rangi ubavuni, lakini mimi huwa namsikiliza konda, anaita vituo vyote kwa pumzi moja. Mgeni akae upande usio na jua, nauli aishike mkononi kwa chenji ndogo, na akikaribia kituo chake apaze sauti "shusha!" bila aibu, konda akigonga bati ndo ameshasikia. Akipanda bibi mpishe, hiyo haijabadilika hata foleni iwe mbaya vipi.

Coco Beach mimi napendekeza mfike kama saa kumi na moja na nusu. Sasa sikilizeni, jua letu halizami baharini, bahari iko mashariki, kwa hiyo kinachofuatwa pale ni upepo na mihogo. Mihogo ya kukaanga, pilipili ya kutosha, kachumbari, mishikaki miwili na dafu. Jumamosi bado mtapata pa kukaa, jumapili mpaka bahari huioni kwa watu.

Usiku mrudishe mtaani, na hapa ndipo napaona mimi Dar yenyewe ilipo, Magomeni, Temeke, Ilala, popote unapokaa. Saa mbili hivi muuza kahawa ameshatandaza vikombe vyake vidogo, birika liko juu ya mkaa, kashata pembeni, wazee wanacheza bao na vijana drafti, na ubishi wa Simba na Yanga unaanza bila hata mechi kuwepo. Mkaribishe mgeni akae kwenye benchi, atasalimiwa na wote, ataulizwa katokea wapi na lazima atapatikana mmoja aliyewahi kuishi huko kwao. Kwenye kona kuna supu ya pweza, mbele kidogo chipsi mayai, na kwa mbali spika ya singeli, muziki uliozaliwa uswahilini kwetu huku Manzese na Tandale.

Kama ni masika, Machi mpaka Mei, angalieni mawingu asubuhi. Mvua ikipiga usiku kucha Jangwani panajaa maji na barabara ya Morogoro inafungwa pale, kwa hiyo wa Kimara na Mbezi sogezeni safari wiki ijayo, na wengine mliobaki upande wa mjini anzieni makumbusho halafu Feri muende kesho yake.