Kupiga chapa kadi ya harusi kwa nakshi ya Lamu na herufi za risasi

Kadi ambayo chapa yake imezama kidogo, ukiipapasa kidole kikaihisi, imerudi kupendwa. Wapiga chapa wa zamani waliona kuzama huko ni kosa. Kwao karatasi iliguswa tu. Leo wabunifu wanataka kuzama huko kwa makusudi, maana printa ya kompyuta haiwezi kuzamisha. Hapa tunatengeneza kadi ya sentimita 10 kwa 15, nakshi juu na maneno chini, kwa mashine ndogo ya mezani kama Adana 8x5, yenye fremu ya inchi 8 kwa 5.

Hatua ya 1: kibao cha nakshi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Nakshi ya mlango husomwa kwa kivuli, kwa hiyo fundi huviringisha ua na kulitia mgongo. Rola ya wino haijui kivuli. Hugusa kilicho juu kabisa, basi. Ua lililoviringishwa litatoa doa katikati na kingo zake zitapotea. Mwambie fundi mapema: uso wote ubaki bapa, kisichotakiwa ndicho kichimbwe. Nakshi za Kibajuni, zile za mistari ya kijiometri iliyokatwa kwenye ubao bapa, hukubali kuliko maua ya kunyanyuliwa.

Tumia kipande kikavu cha mbambakofi, si mbao mbichi. Mbichi itapinda ndani ya wiki. Mstari usiwe chini ya milimita 1. Chimba milimita 2 hadi 3, na penye uwazi mpana ufike 5, la sivyo rola itazama na kuchafua chini. Kuta za mstari ziteremke kwa nje kama paa. Ukichimba kwa ndani, mstari hubaki hauna mguu na utavunjika baada ya kadi chache. Kumbuka pia kwamba chapa hugeuka kulia kushoto. Ua haliathiriki, lakini maandishi ya Kiarabu lazima yachongwe kinyume.

Kwa herufi za vipimo vya Uingereza na Marekani, kimo cha kila kinachochapa, kutoka chini hadi usoni, ni milimita 23.3. Pima kibao kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye pembe zote nne. Kikipungua, bandika karatasi chini yake. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ni takriban milimita 0.1. Kikizidi, piga randa upande wa chini, usiguse uso.

Hatua ya 2: herufi

Usimpe fundi achonge majina madogo kwenye mbao. Herufi ya milimita 4 haivumilii. Panga herufi za risasi, vipande vya metali vyenye herufi moja moja.

Hesabu herufi kabla ya kuanza. Seti nyingi zilitengenezwa kwa mahitaji ya Kiingereza, ambako "e" ndiyo mfalme. Kiswahili kinakula "a". Neno "Tunawakaribisha" peke yake lina herufi 15, na nne kati yake ni "a". Andika maneno yote, hesabu a, i, k na w, kisha angalia sanduku. Zikipungua, badilisha maneno ya kadi, au chapa kwa awamu mbili.

Herufi hupangwa kuanzia kushoto, zikiwa kichwa chini, mfuo (mkato mdogo ulio ubavuni mwa kila herufi) ukitazama juu. Mfuo ukiwa upande mmoja mstari mzima, hujachanganya "n" na "u". Nawa mikono kabla ya kula. Ukiona unga mweupe juu ya herufi, usiupulize: hiyo ni risasi iliyoliwa na unyevu, na ni sumu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Hatua ya 3: kufunga

Weka kibao na herufi ndani ya fremu, jaza nafasi kwa vipande vya mbao, kaza kwa kabari kidogo kidogo, ukizungusha upande huu na huu. Inua fremu kidogo na ubonyeze herufi kwa kidole. Ikicheza hata moja, fungua upange upya.

Hatua ya 4: wino

Tumia rola za mpira. Zile za zamani za gundi na gliserini hulainika kwa joto na kunyonya unyevu. Wino wa mafuta, kiasi cha punje ya mbaazi, unatosha kuanzia. Sikiliza rola: mlio uwe kama kitunguu kinachokaangwa chumba cha pili. Ukisikia unanata kwa nguvu, umezidisha, na matundu ya "a" na "e" yatajaa. Wino ukienea kwenye kingo za herufi, rola ziko chini mno. Bandika utepe kwenye reli zinamopita rola ili ziinuke.

Hatua ya 5: mgandamizo

Anza na karatasi tatu nyuma ya kadi. Toa nakala moja, igeuze, uitazame kwa mwanga wa pembeni. Ongeza karatasi moja moja. Penye kufifia, bandika kipande chembamba mahali hapo tu, nyuma. Kuongeza nguvu ya mkono hakuponyi kitu, huponda herufi. Nakshi nzito isizidi theluthi ya kadi, maana mashine ndogo haina nguvu ya kuichapa sawasawa.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300, isiyong'aa. Ifunge kwenye plastiki mpaka siku ya kazi. Kadi ya rangi mbili ichapwe siku moja. Ukiiacha usiku kucha wakati wa masika, karatasi hutanuka na rangi ya pili haiangukii mahali pake.

Hatua ya 6: kukausha na kusafisha

Tandaza kadi mojamoja, usizirundike kwa siku moja au zaidi. Masika, ongeza feni. Futa wino kwa mafuta ya kupikia, kisha tapentaini. Matambara yenye wino wa mafuta ya kitani yakikunjwa yanaweza kuwaka yenyewe: yatandaze nje mpaka yakauke, mbali na makuti.