Kupiga "Lágrima" kwenye gita lililochongwa na fundi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wangu anayeishi Kirumba aliyekuwa anajiandaa kupiga gita peke yake kwenye ukumbi wa kanisa. Gita lake alichongewa na fundi seremala wa hapa hapa Mwanza: mgongo na mbavu za mninga, ubao wa freti (vile vyuma vya kubania nyuzi) wa mpingo, uso wa mbao nyepesi. Lina sauti ya joto ambayo magita ya kiwandani ya bei ile hayana. Ila akipiga taratibu, noti fulani zinauma sikio, na watu walishamshauri anunue lingine. Halikuwa na haja ya kubadilishwa. Lilihitaji kusikilizwa.

Kipande ni "Lágrima" cha Mhispania Francisco Tárrega. Ndicho ninachompa kila anayetaka kujifunza kupiga polepole kwa hisia: bari 16 tu (bari ni kifungu kifupi cha mapigo), nusu ya kwanza E meja, ya pili E maina, kisha unarudia mwanzo. Tárrega alifariki mwaka 1909, kwa hiyo haki miliki imeisha na nota zake unazipakua bure bila kumwibia mtu. Naye alipiga gita lililotengenezwa kwa mkono na fundi Antonio de Torres mwaka 1864. Usione haya kupeleka gita la seremala mbele za watu. Muziki huu umetoka kwenye chombo cha namna hiyo.

Hatua ya 1: Nyuzi

Nailoni. Dukani watakusukumia za chuma kwa sababu ndizo zinazotoka, kataa. Za chuma huvuta karibu mara mbili ya nailoni, na gita lililojengwa kwa nailoni litavimba uso au kung'oka daraja, yaani kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi.

Ukikatikiwa na uzi wa 1, ule mwembamba kabisa, na huna akiba, nenda maduka ya zana za uvuvi pale Mwaloni, nunua mshipi wa nailoni wa milimita 0.7. Uzi wa 1 wa kawaida una unene huohuo. Chagua ulionyooka, upitishe katikati ya vidole kuhakikisha unene haubadiliki njiani, maana uzi usio sawa hautyuniki kamwe. Kwa uzi wa 3 usijaribu.

Nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa. Zifunge wiki moja kabla ya onyesho.

Hatua ya 2: Kucha

Zitokeze kidogo tu, uzisugue kwa msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, ule wa mafundi rangi wa magari. Huna kucha? Piga kwa nyama. Tárrega miaka yake ya mwisho alipiga hivyo.

Hatua ya 3: Kutyuni gita kwa ajili ya kipande

Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima wakidhani gita ni bovu.

Tyuna ya simu inakuambia uzi ukiwa wazi uko sawa. Haikuambii ukiubana freti ya 4 utalia nini. Fundi aliyekata freti kwa msumeno wa mkono anaweza kukosea kwa kiasi ambacho kwenye kwaya au dansi hakuna anayekisikia, kwani kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapita upesi na ngoma inafunika. Kwenye kipande cha taratibu noti mbili zinakaa pamoja sekunde nzima. Zikigombana, hata mtoto aliyekaa benchi la nyuma anasikia.

Anza na freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kuubana, ucharaze. Kisha ubane palepale, ucharaze tena. Milio yote miwili inapaswa kuwa noti moja. Wa kubana ukiwa juu, pima kwanza urefu wa nyuzi: kati ya uzi na freti ya 12 iwe kama milimita 3 kwa uzi wa 1 na 4 kwa uzi wa 6. Nyuzi zikiwa juu zaidi ya hapo, kila unapobana unazivuta na noti inapanda. Mwambie fundi asage mfupa wa darajani, ule unaobeba nyuzi, kwa chini, kidogo kidogo. Zikiwa chini tayari na noti bado inapanda, basi uzi ni mfupi mno: mfupa uchongwe ili uzi ulalie ukingo wake wa nyuma. Milimita moja au mbili huleta tofauti. Usikubali daraja lenyewe lihamishwe kabla ya kujaribu haya.

Pima katika msimu utakaopigia. Mbao hunywa unyevu, uso unainuka na nyuzi zinapanda nao. Gita lililokaa vizuri Agosti, kwenye ukavu, Aprili wakati wa masika utalikuta lina tabia nyingine. Na lisilale chini ya bati wala kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi inalegea.

Sasa kutyuni kwenyewe. Tumia tyuna kwa uzi wa 2 tu, kisha iweke mbali. Uzi huo ukiwa wazi ni B, na kwenye bari ya kwanza unalia katikati ya kila pigo, kwa hiyo nyingine zote zitaufuata. Usiuguse tena.

Bana uzi wa 1 freti ya 7. Hiyo nayo ni B, oktavu moja juu. Zicharaze pamoja. Ukisikia sauti inapanda na kushuka kwa mawimbi, zungusha kitufe cha uzi wa 1 polepole mpaka mawimbi yaishe. Halafu bana uzi wa 4 freti ya 2, ambayo ni E, uilize pamoja na B ile ile. Tyuni uzi wa 4 kwa noti hiyo iliyobanwa. Ukiwa wazi unaweza kuwa chini kidogo, na haina neno, maana D haimo kwenye E meja. Uzi wa 6 na wa 5 utyuni vivyo hivyo, kwa kusikiliza mawimbi dhidi ya E hiyo.

Uzi wa 3 ndio mkorofi. Ni mnene, na ukibanwa freti ya 1 kupata G# unapanda. Tena hata kwenye gita lisilo na kosa, freti huiweka G# ya E meja juu kuliko sikio linavyotaka, karibu sehemu ya saba ya nusu toni. Kwa hiyo mkono unakutuma ushushe uzi. Ukishusha, E meja inatulia, lakini nusu ya pili ni E maina yenye G, na sasa G iliyo wazi inasikika imezama. Dawa ni kushusha nusu ya kile sikio linachoomba. Piga E meja, piga E maina, rudi E meja, mpaka zote mbili zivumilike. Zisipovumilika kabisa, tafuta uzi wa 3 wa kaboni. Ni mwembamba zaidi na haupandi sana ukibanwa. Mimi siku hizi situmii mwingine.

Hatua ya 4: Bari ya kwanza

Uzi wa 4 na wa 1 zinapanda pamoja: freti 2 na 4, kisha 4 na 5, kisha 6 na 7. Jozi ya pili na ya tatu zina umbo moja la mkono, unahamisha tu. Uzi wa 4 umeviringishwa waya, kidole kikiteleza juu yake kinakwaruza. Legeza kidole kiguse tu, hama, ndipo ubane.

Wengi hufundisha kidole kinachocharaza kiegemee uzi unaofuata ili wimbo usikike. Hapa sikubaliani nao, kwa sababu uzi unaofuata ni ule wa 2 na utaunyamazisha. Piga bila kuegemea, ila usukume uzi wa 1 ndani kuelekea uso wa gita kabla ya kuuachia. Utapata unene uleule.

Hatua ya 5: Kutetemesha noti

B ya freti ya 7 ndiyo ya kutetemesha. Mkono uende mbele na nyuma sambamba na uzi, usiuvute pembeni kama wapiga solo wa dansi.

Hatua ya 6: Mwendo

Metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, mpaka vidole vikae. Kisha izime. Unaporefusha noti ya juu, besi iendelee kuhesabu.

Hatua ya 7: Ukumbini

Ufukweni usipige bila kipaza sauti. Mchana upepo wa ziwa unameza nailoni yote. Chagua chumba chenye kuta ngumu, feni zizimwe. Tyuni upya ukishakaa hapo nusu saa, mbao zikiwa zimezoea hewa ya ndani.

Fundi mitambo ataelekeza kipaza sauti kwenye tundu la gita. Mwombe akielekeze pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa sentimita 30 hadi 40, apunguze besi na azime mwangwi wa bandia. Akigoma kupunguza besi, sogeza stendi mwenyewe mbali na tundu mpaka mvumo uishe.